Kaptembwo Ielezwe Imesimama Juu ya Nini

Anayenunua ploti Kaptembwo, mtaa wa magharibi mwa jiji la Nakuru, huuliza mengi. Huuliza bei, huuliza kama hatimiliki ni safi, huuliza maji ya mfereji hufika siku gani, na kama gari hupita mvua ikinyesha. Akisharidhika hulipa, humwita fundi, msingi huchimbwa, na baada ya miaka michache nyumba ya ghorofa tatu au nne imesimama, vyumba vyote vina wapangaji. Katika safari hiyo yote kuna swali ambalo ni nadra kuulizwa: chini ya msingi kuna nini?

Jibu halijafichwa. Limesimama wazi mwendo wa takriban kilomita 30 kusini-mashariki mwa jiji. Abiria wa matatu ya Nairobi, akitazama kulia gari likipanda kuelekea Kariandusi na Gilgil, huliona Ziwa Elmenteita chini bondeni, na kusini mwake vilima vidogo vyenye vilele vilivyokatika, katika ardhi ya mawe meusi iliyopasuliwapasuliwa na nyufa za kaskazini hadi kusini. Wengi hukijua kimoja tu katika eneo hilo, kile chenye umbo la mtu aliyelala chali, ambacho Wamasai hukiita Elngiragata Olmorani. Lakini vile vidogo visivyo na sifa ndivyo vyenye somo kwa Kaptembwo. Ni vilima vya skoria, na kwa hesabu za kijiolojia ni vichanga.

Hoja ya makala haya ni moja. Serikali ya Kaunti ya Nakuru ina wajibu wa kuwaeleza wakazi wa Kaptembwo, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kwa ramani inayofika hadi kwenye ploti, wanajenga juu ya ardhi ya namna gani. Maarifa yenyewe yapo. Kilichokosekana ni nia ya kuyatoa makabatini.

Kilima cha skoria huzaliwa kwa kasi isiyo ya kawaida ya milima. Magma ya basalti, ambayo hutiririka kwa wepesi, hupanda kupitia ufa katika gamba la dunia. Ikiwa bado kwenye kina kirefu, gesi iliyomo hubaki imeyeyuka kwa sababu ya uzito wa miamba inayoibana. Ikikaribia juu, mbano hulegea, gesi hugeuka vipovu, na magma hufoka kama soda iliyotikiswa kabla ya kufunguliwa. Matone ya lava hurushwa angani, hupoa yangali hewani, na kuanguka yakiwa vipande vigumu vyenye matundu tele. Vipande hivyo ndivyo skoria. Vikubwa huanguka karibu na tundu, vidogo huchukuliwa na upepo. Lundo hukua siku hadi siku, na kwa kuwa hakuna kinachovishikanisha vipande hivyo, kila kinachozidi huporomoka ubavuni mpaka mteremko utulie kwenye pembe ya nyuzi kama 30 hadi 33. Ndiyo sababu vilima hivi hufanana popote vilipo, iwe Mexico, Iceland au Elmenteita.

Dunia ilishuhudia kimoja kikizaliwa. Tarehe 20 Februari 1943, nchini Mexico, ufa ulifunguka katika shamba la mahindi la mkulima Dionisio Pulido. Mwaka ulipotimia, mahali pale palikuwa na kilima cha mita 336. Parícutin, kama kilivyoitwa, kiliendelea kutema moto hadi mwaka 1952, kikafikia mita 424 na kufunika vijiji viwili, kisha kikazima. Hakijalipuka tena, wala hakitarajiwi kulipuka. Kwa kawaida kilima cha skoria hulipuka kwa kipindi kimoja tu cha maisha yake; magma ikirudi katika eneo hilo, hufungua tundu jingine na kujenga kilima kingine.

Kenya nayo ina shahidi wake. Mwaka 1888 msafara wa Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel ulifika kusini mwa Ziwa Turkana ukakuta volkano iko hai, na hadi leo kilima hicho cha skoria kinaitwa kwa jina la Teleki. Hapo ilikuwa imebaki miaka 12 tu reli ifike Nakuru. Kwenye Milima ya Chyulu, lava ya Shetani inakadiriwa kutiririka katikati ya karne hiyohiyo ya 19, na anayeingia Tsavo West leo bado huikuta nyeusi, kali, na karibu haina udongo. Hizi si habari za enzi za kabla ya binadamu.

Vilima vya Elmenteita havina mtu aliyeandika siku vilipozaliwa, lakini umri wao husomeka kwa macho. Kilima kichanga huwa na ukingo mkali kileleni na bakuli lenye kina. Kikizeeka, ukingo hulika, bakuli hujaa vumbi na mchanga, ubavu hulala. Lava iliyotoka chini yake nayo hueleza jambo: ikiwa mawe bado yana makali na mileleshwa imepata pa kumea nyufani tu, basi muda haujatosha kutengeneza udongo. Rangi pia ina maana. Skoria nyekundu ni ile iliyokaa moto karibu na tundu hata chuma kilichomo kikapata oksijeni na kushika kutu. Nyeusi iliruka mbali na kupoa upesi. Pale kilima kilipobomoka upande mmoja kikabaki nusu duara, mara nyingi mhusika ni lava ya mwisho: gesi ikishapungua, magma huwa nzito kuliko lundo lile la matundu, hivyo hupenya chini yake na kutokea ubavuni, ikichukua sehemu ya kilima.

Kuna alama nyingine ya uchanga, nayo ndiyo inayoihusu Kaptembwo kuliko zote. Kilima kichanga cha skoria hakina makorongo. Mvua ikinyesha juu yake haitiririki. Huzama.

Chyulu wanalijua jambo hili vizuri. Milima hiyo ina urefu wa takriban kilomita 100 na mamia ya vilima vya volkano, hupata mvua ya kutosha kuotesha msitu wa ukungu, na bado juu yake hakuna mto wa kudumu. Maji yote huingia katika skoria na lava, husafiri chini kwa chini, na mengi hutokea Mzima, ndani ya Tsavo West, yakiwa safi kama yaliyochujwa. Tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likiyapeleka Mombasa. Maelfu ya watu wa Pwani hunywa mvua iliyopita ndani ya vilima vya skoria bila kujua.

Sasa turudi Kaptembwo. Mtaani humo hakuna kilima cha skoria, na hilo lisemwe waziwazi ili mtu asitafute kisichokuwepo. Ardhi yake imetokana zaidi na Menengai, volkano iliyoko kaskazini mwa jiji. Menengai ilikuwa na milipuko miwili mikubwa mno, wa kwanza takriban miaka 29,000 iliyopita na wa pili takriban miaka 8,000 iliyopita, ikaporomoka katikati na kuacha kaldera ya kilomita 12 kwa 8 hivi. Magma yake ilikuwa ya trakaiti, nzito na isiyotiririka kwa urahisi, kwa hiyo badala ya skoria ilitoa pumisi na majivu mengi. Lakini kanuni haikubadilika. Ni vipande vyenye matundu, vilivyotoka angani, vikarundikana bila kushikamana. Anayeelewa kwa nini mvua huzama kwenye kilima cha Elmenteita ameshaelewa nusu ya matatizo ya magharibi mwa Nakuru.

Nusu ya pili ni ziwa na nyufa. Takriban miaka 9,000 iliyopita maziwa ya Nakuru na Elmenteita yalikuwa ziwa moja, uso wake ukiwa karibu mita 180 juu ya ule wa karne iliyopita, na Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimbua masalia ya watu wa kale mwaka 1937, ilikuwa kisiwa au rasi ndani yake. Ziwa hilo liliacha matabaka ya tope na mchanga. Chini ya yote hayo hupita mipasuko ya Bonde la Ufa, mingi ikielekea kaskazini na kusini, na juu yake watu wamejenga nyumba, shule, makanisa na misikiti.

Mvua kubwa ikija, maji huzama haraka, hufuata mpasuko, na njiani hubeba majivu na pumisi kidogo kidogo. Hubaki uwazi ambao hakuna anayeuona. Siku moja udongo uliofunika uwazi huo hushindwa kujibeba. Wakazi wa magharibi mwa jiji wameziona nyufa na mashimo ya namna hii msimu baada ya msimu, na aghalabu hujipanga katika mstari, jambo ambalo peke yake linatosha kumwambia mtu kwamba si bahati mbaya ya ploti moja. Machi 2018 jambo la aina hiyo lilitokea karibu na Suswa, likaikata barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na picha zikaenea ulimwenguni pamoja na madai kwamba Afrika imeanza kugawanyika. Ni kweli Afrika Mashariki inagawanyika, lakini kwa milimita chache kwa mwaka. Kuchimba korongo kubwa kiasi kile kwa siku chache ni kazi ya maji ya mvua ndani ya majivu yasiyoshikamana.

Kwa mpangaji wa Kaptembwo, shimo linalofunguka si hatari ya kila siku. Ya kila siku ni choo.

Mtaa huu bado una vyoo vingi vya shimo, na nyumba nyingi ambazo wapangaji wa vyumba vingi hutumia choo kimoja. Mwenye nyumba ambaye shimo lake limekaa miaka bila kujaa huona amepata ploti nzuri. Anapaswa kuogopa. Majimaji yasiyojaza shimo yameenda mahali, na katika pumisi yanaenda upesi, pengine kuelekea kisima cha jirani. Katika miaka ya 2010 mashirika ya Practical Action na Umande Trust yalifanya kazi ya maana hapa na katika mtaa wa Rhonda, yakiwahamasisha wenye nyumba na wapangaji kupata vyoo bora. Kazi hiyo ilibadilisha fikra za wengi. Hata hivyo choo bora bado kinatua juu ya ardhi ileile, na anayeamua kisima kichimbwe wapi na choo wapi anahitaji kujua maji ya chini yanaelekea upande gani. Hawezi kulijua hilo kwa kukisia.

Miamba hiihii ndiyo huyapa maji ya visima vingi vya Nakuru floridi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Matokeo yake huonekana kwenye meno ya kahawia ya watoto waliozaliwa na kukulia hapa. Jimbo Katoliki la Nakuru limefanya kazi kwa miaka mingi ya kuondoa floridi kwa kutumia mkaa wa mifupa, na inafaa kupongezwa. Lakini ni jambo la kusikitisha kwamba mzazi anaweza kumlea mtoto hadi meno ya kudumu yakatoka bila mtu kumwambia kisima anachochota kimepimwa au la.

Wapo watakaosema kwamba ramani ya namna hii itawatia watu hofu na kushusha bei ya ploti. Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu kuna familia ambazo mali yao yote ni chumba kimoja cha mawe na vitatu vya mabati. Ila hasara haiondoki kwa kufichwa. Huhamishwa tu kutoka kwa anayeuza na kuangukia anayenunua, na kutoka kwa mwenye nyumba na kumwangukia mpangaji anayelala ghorofa ya chini. Isitoshe, ramani haimfukuzi mtu. Humwambia hapa jenga ghorofa moja, hapa chimba msingi zaidi, hapa usichimbe kisima, hapa mpasuko unapita basi pawe njia ya miguu au bustani.

Watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaishi na tishio kubwa zaidi. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya jiji lao tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021 ikafika tena viungani. Hawakulihama jiji. Wamejenga upya juu ya lava, wakitumia mawe ya lava, na wana kituo cha uchunguzi wa volkano mjini kwao. Vita vimewatesa kuliko mlima, na taasisi zao zimepita katika dhiki ambazo Nakuru haizijui. Kama Goma, pamoja na yote hayo, imeweza kulifanya suala la ardhi kuwa mazungumzo ya kawaida ya raia, Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, haina kisingizio.

Wala hatari ya Kaptembwo si mlipuko wa kesho. Lakini tarehe 6 Januari 1928 mtetemeko wa Subukia, unaokadiriwa kuwa na ukubwa wa takriban 6.9, ulipasua ardhi kwa makumi ya kilomita kaskazini mwa Nakuru. Wakati huo Kaptembwo haikuwa na nyumba ya ghorofa hata moja. Wahandisi wanajua kwamba udongo uliolegea hutikisika kuliko mwamba mgumu. Ghorofa zinazopanda leo juu ya pumisi hazijawahi kupitia mtihani kama ule wa 1928, na itakuwa ujinga kuzijenga kana kwamba hautarudi.

Nani ayafanye haya, na kwa pesa gani? Sehemu ngumu ilishafanywa. Mwanajiolojia G.J.H. McCall aliieleza jiolojia ya Nakuru katika ripoti ya idara ya serikali iliyochapishwa mwaka 1967, ikiwa na ramani. Tangu mwaka 2011 Kampuni ya Maendeleo ya Jotoardhi imechimba visima ndani ya Menengai, baadhi vikipita kina cha kilomita mbili, kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme. Kwa hiyo nchi inajua kilichoko kilomita mbili chini ya Menengai, huku mwenye ploti akiwa hajui kilichoko mita tatu chini ya kitanda chake. Tofauti hiyo si ya uwezo. Ni ya nani anayehesabiwa kuwa anastahili kujua.

Vilima vyenyewe navyo vinahitaji mtetezi. Skoria ni bidhaa: ni nyepesi, hupitisha maji, huchimbika kwa koleo, hufaa kujazia barabara na kufyatulia matofali. Auckland, New Zealand, jiji lililojengwa juu ya volkano ndogo zipatazo 53, lilijifunza kwa uchungu. Vilima vingi vya skoria vililiwa na machimbo ya mawe ya reli na barabara. Pale Three Kings, palipokuwa na vilele kadhaa, kimebaki kimoja kikubwa. Sheria za kuvilinda zilianza kutungwa mwaka 1915, na mwaka 2014 vilima 14 vikarudishwa kwa makabila ya Wamaori. Vilivyochimbwa havikurudi.

Elmenteita bado ina muda. Ziwa lake, pamoja na Nakuru na Bogoria, liliingizwa mwaka 2011 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na Hifadhi ya Soysambu inalinda sehemu kubwa ya ardhi inayolizunguka. Lakini orodha hiyo ilitokana na mandhari, ikolojia na viumbe hai. Kigezo cha jiolojia hakikutumika. Flamingo na mwari wana mikataba ya kuwalinda. Vilima vilivyozaa mandhari hayo havina. Kimoja, kilicho wazi na chenye njia rahisi ya kufikika, kingetosha kuwa darasa la shule za Nakuru: mwanafunzi wa Kaptembwo amwage chupa ya maji juu ya skoria, ayaone yakitoweka, kisha arudi nyumbani na kuangalia kisima na choo kwa jicho jipya.

Mwenye ploti anayekaribia kujenga asingoje kaunti. Kabla zege halijamwagwa, achimbe shimo la kina cha mita mbili au tatu pembeni mwa ploti, kuta zake zishikizwe kwa mbao maana pumisi humwangukia mchimbaji bila onyo, na amlipe mhandisi aliyesajiliwa alisome. Gharama yake ni ndogo kuliko ya ghorofa moja ya ziada. Mpangaji naye ana haki ya kuuliza maji ya kisima yalipimwa lini, na asione haya kuuliza.

Bunge la Kaunti, kwa upande wake, litenge fedha za kutafsiri na kuhuisha ramani ya jiolojia ya wadi zote sita za Nakuru Magharibi, lisikubali ramani ya jengo lolote la ghorofa isiyo na ripoti ya udongo, na lihakikishe nakala imebandikwa katika ofisi ya wadi ya Kaptembwo kabla ya mvua ndefu zijazo.